Tarehe Isiyo na Mwaka

Siku ya tatu baada ya kumzika mama yake, Agnes alishuka kutoka Mgeta na begi moja na kadi moja ya maktaba. Begi hakuliingiza ndani. Aliliacha kizingitini, na hilo peke yake lingetosha kumwambia mumewe kwamba mambo si shwari. Kadi aliiweka mezani, juu ya gazeti ambalo Mzee Bartholomeo alikuwa akilisoma.

Ilikuwa kadi ya kuazimia vitabu, ya zile za zamani, imelika pembeni na imekunjwa mara moja katikati. Mwandiko uliokuwa juu yake walimu wote waliopita chuoni alikofanya kazi Bartholomeo wangeutambua: herufi zimelala kidogo upande wa kulia, mikia mirefu, kila nukta mahali pake. Chini kulikuwa na muhuri wa wino wa zambarau, 14 AGO, basi.

"Ilikuwa ndani ya kitabu chake cha sala," Agnes alisema. "Mama mdogo Semeni ndiye aliyeiona, tulipokuwa tunagawa nguo."

Bartholomeo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Alikuwa mkutubi kwa miaka thelathini na sita, na ukimwonyesha kadi yoyote ya maktaba ile angeweza kukuambia kitabu kilikaa rafu gani. Kadi hii haikuwa ya kitabu. Aliijua tangu ilipotua mezani, akaushika ukingo wa meza.

Alisema atalishughulikia. Aliwahi kusema hivyo miaka mingi nyuma, kwa sauti ileile, na mkewe aliikumbuka. Agnes hakukaa. Alimweleza akiwa amesimama kwamba arobaini ya mama itakuwa Jumamosi ya tarehe tatu Agosti, na siku hiyo jina la marehemu Yuliana linarithiwa, na jina hilo katika lukolo lao, yaani ukoo wa upande wa mama, halijawahi kurithiwa bila mwana kuwepo. Wazee wa kike wamekaa, wameamua. Na yeye ameamua.

"Nakwenda kukaa na wenzangu," alisema. "Mlete mwana. Asipokuja, mimi sishuki tena."

Wameoana miaka arobaini na moja. Bartholomeo aliwahi kumsikia Agnes akikasirika, akilia, akinuna siku tatu mfululizo kwa ajili ya kitanda kilichouzwa bila yeye kuulizwa. Safari hii sauti yake haikuwa na lolote kati ya hayo. Alilichukua begi kizingitini na kurudi kwenye gari lililokuwa likimsubiri barabarani, na mzee alibaki amekaa na gazeti lake, habari moja akiirudia mara nne bila kuielewa.

*

Mwana hiti ni kipande cha mti kisichozidi shubiri moja na nusu. Ana kichwa, ana shingo, ana vititi viwili. Mikono hana, miguu hana. Msichana anapowekwa ndani hukabidhiwa mwana huyo, naye humwogesha, humpaka mafuta ya nyonyo, humlaza, humwimbia, ili siku ya kutoka awe ameshajifunza kulea. Mwana si mali ya mtu mmoja. Hutoka mkono wa mwanamke mmoja kwenda kwa mwingine, na huyu wa akina Yuliana alikuwa ameshalelewa na wasichana ambao hakuna aliyekumbuka idadi yao. Agnes alimlea akiwa na miaka kumi na mitano. Mapadri walikataza, kisha wakanyamaza, na wanawake wa Mgeta waliendelea kwenda misa ya kwanza na kuendelea na mambo yao.

Katika maktaba ya chuo mwana huyo aliitwa Namba 17.

Picha yake ilikuwa kwenye jalada la katalogi iliyompa Bartholomeo jina. Mtoto wa mkulima wa kabichi, aliyesoma historia ya sanaa kwa ufadhili wakati wenzake wanasoma uhasibu na kumcheka, alizunguka milima ya Uluguru kwa miguu akiandika kila kigoda, kila fimbo ya jumbe, kila mwana hiti aliyeruhusiwa kumwona. Alipima, alipiga picha, aliuliza nani alichonga na kwa mti gani. Kabla yake vitu hivyo viliitwa vinyago vya kienyeji na kutupwa stoo. Baada yake wageni walivua kofia mbele ya kabati la kioo. Kazi hiyo ilikuwa nzuri, na mimi sitamnyima sifa yake kwa sababu tu ya haya yanayofuata.

Jumatatu alivaa koti na kwenda chuoni. Mkutubi wa sasa, Innocent, alikuwa amewahi kuwa msaidizi wake. Alisimama kumpokea, akamwamkia shikamoo kwa mikono miwili, akamvutia kiti. Kwenye kona, nyuma ya mlango, kulikuwa na kibao cha shaba kimefungwa magazeti. Mwezi wa tisa chumba cha makabati kilikuwa kipewe jina la Bartholomeo. Mwaliko ulishachapishwa.

Mzee alianza mbali. Aliulizia paa, aliulizia mchwa, kisha akasema kana kwamba ndiyo kwanza amekumbuka kwamba Namba 17 inahitaji kusafishwa, na kwamba angeweza kuichukua nyumbani wiki hivi, maana mikono yake imeizoea. Innocent alitazama chini.

"Mzee, kanuni ya sita. Kitu cha kabatini hakitoki bila barua ya mkuu wa chuo."

"Naijua kanuni ya sita."

"Uliiandika wewe," Innocent alisema kwa upole, akionekana kuumia kuliko anayeambiwa. Kisha, kama mtu anayetafuta namna ya kusaidia, akauliza kama kuna mtu wa familia anaidai. Akaongeza kuwa hilo nalo lingekuwa gumu, kwa sababu daftari la mapokezi linasema wazi. Alilitoa daftari, akafungua bila kutafuta sana, akaweka kidole kwenye mstari. *Namba 17. Mwana hiti, Mgeta. Namna ya kupatikana: zawadi.* Herufi zimelala kidogo upande wa kulia.

Bartholomeo aliutazama mstari huo kama mtu anayeonyeshwa picha yake akiiba. Daftari lilikuwa na njia tatu tu za kitu kuingia maktabani: kununuliwa, kubadilishana, zawadi. Kuazimwa haikuwemo. Mwaka ule wa tisini na moja kulikuwa na wafadhili wanakuja kukagua, na kila safu ilitakiwa ijazwe kwa wino. Angeweza kuacha wazi. Angeweza kuandika pembeni kwa penseli. Aliandika zawadi, akijiambia kwamba baada ya ukaguzi atarekebisha na kumrudisha mwana milimani kwa tarehe aliyogonga yeye mwenyewe kwenye kadi. Baada ya ukaguzi ikaja barua ya masomo ya Ulaya, miaka miwili. Aliporudi alikuta kabati jipya, taa ndani yake, na katalogi yake madukani. Kila mwaka uliopita ulifanya kurekebisha kuwe kugumu zaidi.

Kabla ya kuondoka maktabani Bartholomeo aliomba amwone tu mwana. Asubuhi ile haikuwa na mvua wala ukungu, lakini kioo cha kabati kilikuwa na mvuke kwa ndani, mahali padogo, usawa wa kichwa cha mwana. Innocent alisema huwa inatokea. Alisema pia kwamba wafagiaji hawapendi kufuta kabati lile, wanamwachia yeye, na yeye analifuta saa za mchana watu wakiwepo.

*

Nyumba yao ya Bigwa haikuwahi kuwa na kelele, ila mzee hakujua ni kiasi gani cha utulivu wake kilitokana na Agnes kuwepo. Sasa utulivu ulikuwa mwingine. Saa nne asubuhi alisikia mtu akifagia ua, akatoka kumsalimu, akakuta ua mtupu na ufagio umeegemea ukuta. Mchana alinusa mafuta ya nyonyo chumbani. Alifungua kabati la nguo la mkewe na kukuta chupa, imebaki robo, na kitambaa kilichokunjwa vizuri.

Hapo ndipo alipokumbuka kitu alichokiona kila Jumamosi kwa miaka mingi bila kukiuliza. Agnes alikuwa akimaliza kufua anakaa kitandani, anamimina mafuta kidogo kiganjani, anasugua viganja taratibu, anakaa hivyo muda, kisha anafuta mikono kwa kitambaa. Hakuwahi kupaka mafuta yale mahali pengine popote mwilini. Mtu aliyeweza kukueleza kovu kwenye kigoda lilitokana na shoka la aina gani hakujishughulisha kujua mkewe anapaka nini, anampaka nani.

Magreth, binti yao wa pekee, alikuja kutoka Dakawa mwishoni mwa wiki kumpikia baba yake. Alikuwa na miaka thelathini na nne na mimba ya miezi mitano. Tatu za nyuma hazikufika. Alipika wali na mlenda, akamwandalia, naye akakaa pembeni na kikombe cha chai, mkono mmoja juu ya tumbo. Mzee alimuuliza kama mama yake alishawahi kumwambia lolote kuhusu mwana. Magreth alisema hapana, mama hasemi. Kwamba baada yake yeye mama hakupata mtoto mwingine, hilo alilijua kila mtu. Kwamba lilianza baada ya mwana kuchukuliwa, hilo watu wa Mgeta walikuwa wakilihesabu wenyewe vichwani mwao.

"Na wewe unaamini?"

"Mimi siamini, Baba. Nimesoma, naenda kliniki, namwamini Mungu." Alizungusha kikombe mezani. "Lakini ile katalogi yako sijawahi kuifungua. Na safari hii sitaki kukosea chochote, hata nisichokiamini."

Bartholomeo alisukuma sahani. Alitaka kumweleza kitaalamu, kwamba mti ni mti, kwamba thamani ya kitu kama kile iko kwenye historia yake. Aliyajua maneno hayo kwa moyo, ameyatoa mbele ya wageni mara nyingi. Akatazama mkono wa binti yake pale ulipokuwa, na maneno yote yakamwishia. Alijiona mwizi, tena mwizi aliyeandikia watu katalogi.

Magreth alipokuwa anaosha vyombo alisema bila kugeuka kwamba bibi hakuwahi kumsema vibaya baba yake. Hata siku moja. Angemsemaje, mama mkwe hamdai mkwe wake. Kwao, kama mkwe amechukua kitu, unakaa kimya mpaka aibu imrudishe. Mzee alikuwa Mluguru, aliijua adabu hiyo tangu utotoni, na kwa miaka yote thelathini na tatu alijifanya kuusoma ukimya ule kama ruhusa.

*

Mkuu wa chuo alikuwa mtu wa haraka, mwenye simu mbili. Alimpokea Bartholomeo Jumatano ya mwisho wa Julai katika ofisi ya maktaba, akiwa na Innocent, akiamini ni mazungumzo ya sherehe, na akaanza kuulizia idadi ya wageni wa familia. Mzee aliomba asikilizwe kwanza. Alisimama kuzungumza, ingawa kiti kilikuwepo.

Alisema Namba 17 haikuwa zawadi. Alisema aliiazima kwa siku kumi na nne kutoka kwa mama mkwe wake, akaandika uongo kwenye daftari la chuo, kwa mkono wake, kwa wino, na marehemu amezikwa kadi ikiwa bado ndani ya kitabu chake cha sala. Aliitoa kadi, akaiweka mezani.

Mkuu wa chuo aliitazama bila kuigusa. Akauliza swali ambalo Bartholomeo alijua litaulizwa.

"Vitu vyote kabatini ni vingapi, Mzee?"

"Arobaini na moja."

"Vyote umeandika zawadi."

"Vyote. Tisa ni zawadi kweli. Vilivyobaki niliazima." Kisha, maana hakuulizwa lakini hakuweza kuacha, akaanza kutaja. Kigoda cha Namba 3, cha mzee wa Bunduki, mtu mwenye jicho moja. Fimbo ya Namba 8, Kinole, wenyewe walisema irudi kabla ya mavuno. Namba 22, mwana hiti mwingine, wa mwanamke wa Matombo aliyeuliza mara mbili kama mtoto atapewa mahali pa kulala. Alitaja bila daftari, namba kwa namba, na Innocent alianza kuandika, kisha akaacha kalamu na kusikiliza tu.

Mkuu wa chuo alisema kwamba jambo hilo ni zito na linahitaji bodi, na bodi inakutana Novemba. Kufuta mali ya chuo kwenye daftari hakuna mwenye mamlaka hayo chumbani humo. Alizungumza kwa heshima, akimwita Mzee kila sentensi. Alipoinuka kwenda kupokea simu alipita kwenye kona, akakishika kile kibao cha shaba kilichofungwa magazeti, akakigeuza kikatazama ukuta. Pengine alitaka tu kupata nafasi ya kupita. Bartholomeo alikiona, na Innocent aliona kwamba amekiona.

Walibaki wawili.

"Kufuta siwezi, Mzee," Innocent alisema. "Lakini hapa ni maktaba. Kuazimisha naweza. Kanuni ya sita inataka barua ya mkuu, na mkuu ataisaini nikimwambia ni kwa ajili ya arobaini ya mwenye mali. Itabidi uwe mkopaji kama mtu mwingine yeyote."

Barua ilisainiwa mlangoni, simu ikiwa sikioni. Innocent alichukua kadi mpya, akaandika jina: Bartholomeo Mkude. Kitu: Namba 17. Siku: kumi na nne. Akavuta muhuri, akauzungusha, akaubonyeza kwenye wino, akagonga. Alipoinua mkono wote wawili walisoma, na Innocent akarudi nyuma hatua moja.

14 AGO.

"Leo ni tarehe thelathini na moja," mzee alisema. "Siku ile pia ilikuwa thelathini na moja."

Innocent alianza kuomba radhi, akasema muhuri huu siku hizi gurudumu la mwaka limekwama, huwa anaandika mwaka kwa kalamu. Bartholomeo alimwambia anajua. Lilikwama tangu wakati wake.

Kabati lilipofunguliwa harufu iliyotoka haikuwa ya vumbi. Mzee alimfunga mwana kwa kanga ya Agnes aliyokuja nayo chini ya koti. Alitembea naye mpaka barabarani, na alipofika aligundua kwamba alikuwa amempakata, kiganja kikiwa kimeshika nyuma ya kichwa, kama alivyompakata Magreth siku walipotoka naye hospitali.

*

Jumamosi ya arobaini, pale Mgeta baridi ilikuwa kali na wanaume walikuwa wamevaa masweta. Walimpa Bartholomeo kiti, ila walikiweka nyuma, karibu na magunia ya karoti, na waliomsalimu walimsalimu wakitazama pembeni. Hakuna aliyemtukana. Chai ilipopitishwa ilimfikia imeshapoa.

Mama mdogo Semeni, mdogo wake marehemu, alitoka ndani mwenyewe kumpokea mwana. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, na yeye hakuwa mama mkwe wa moja kwa moja, kwa hiyo aliweza kumtazama usoni. Aliifungua kanga kidogo, akachungulia, akaifunga. Akamkabidhi Agnes aliyekuwa amesimama nyuma yake, naye Agnes akaingia naye ndani na mlango ukarudishwa. Magreth alikuwemo humo pia, tangu jana yake.

Sauti zilianza polepole. Mwanamke mmoja, kisha wengine, wimbo usio na haraka ambao wanaume walijifanya hawausikii. Bartholomeo aliwahi kuutafuta wimbo huo mwaka mzima kwa ajili ya katalogi na hakuna aliyemwimbia. Sasa aliusikia na hakuthubutu kuyashika maneno yake.

Semeni hakurudi ndani. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya kiti chake.

"Ile kadi ulimpa kupitia mimi," alisema. "Unakumbuka? Yeye amekupa mgongo, wewe umempa mgongo, mimi katikati. Ukasema, mwambie mama tarehe imeandikwa hapo. Hatukujua kusoma, wala yeye wala mimi. Nikampelekea mwalimu. Mwalimu akasema, Agosti kumi na nne. Nikamuuliza ya mwaka gani. Akasema mwaka hakuna."

Mwaka Bartholomeo aliuandika kwa kalamu kwenye kila kadi iliyopita mikononi mwake. Siku ile alikuwa na haraka ya kuondoka kabla hawajabadili mawazo.

"Basi dada akasema, mkwe wangu ni mtu wa karatasi, hawezi kuandika ovyo. Kama mwaka hakuuandika, ni mwaka wowote. Ikifika Agosti kumi na nne anaoga asubuhi, anavaa kitenge kile cha kanisani, anachinja kuku, anakaa pale." Alionyesha kwa kidevu jiwe tambarare pembeni ya mlango, linalotazama njia ya kupandia. "Anakaa mpaka jua lizame. Kuku wako tunakula sisi."

"Agnes alijua?"

"Agnes akija anaona mama anajiandaa na sikukuu. Kesho yake si Bikira Maria anapalizwa? Wote walidhani ni kwa ajili ya sikukuu. Mimi peke yangu nilijua, na alinikataza kusema." Semeni alijifuta pua kwa ncha ya kanga. "Mwaka jana hakuweza kutembea. Tulimbeba."

Bartholomeo alilia. Alilia pale pale kwenye kiti cha nyuma, mbele ya mashemeji zake, bila kitambaa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mmoja wao aligeuka na kumtazama usoni. Jina la Yuliana lilirithiwa kabla ya saa saba. Alilipokea Magreth, na wanawake walitoka wakimtangulia, na mikono yake iling'aa mafuta.

Agnes alikuja kukaa na mumewe baadaye, watu wakiwa kwenye chakula. Alinukia nyonyo. Alimuuliza kilichotokea chuoni na yeye akamweleza chote, pamoja na kibao, pamoja na kadi mpya. Alimwonyesha muhuri. Agnes aliusoma.

"Kwa hiyo anatakiwa kurudi."

"Kwa kadi, ndiyo."

"Na wewe unasemaje?"

"Jina lililoandikwa ni langu," Bartholomeo alisema. "Watakuja kunidai mimi. Yeye abaki kwao."

Agnes alichukua kikombe cha mumewe kilichopoa, akamwaga chai, akaenda kumletea nyingine ya moto.

*

Agnes alishuka na mumewe Bigwa wiki iliyofuata, na begi aliliingiza ndani. Magreth alibaki Mgeta mpaka ajifungue, uamuzi ambao mumewe wa Dakawa aliukubali kwa shingo upande. Barua ya chuo ilishafika: sherehe ya mwezi wa tisa imeahirishwa hadi taarifa nyingine. Bartholomeo aliisoma, akaiweka ndani ya bahasha yake, akarudi kwenye karatasi alizokuwa akiandika tangu aliporudi, majina ya watu thelathini na mmoja na vijiji vyao na kitu cha kila mmoja. Kwa waliokufa aliandika majina ya watoto wa dada zao, ndio warithi kwa Waluguru.

Jumatano ya tarehe kumi na nne aliamka mapema. Alioga, akavaa suti ya kijivu aliyostaafia, akafunga tai. Agnes alikuwa uani, hakumuuliza kitu. Mzee alitoa kiti nje, akakiweka pembeni ya mlango, kikitazama barabara inayotoka mjini, akakaa na zile karatasi magotini. Kama Innocent angekuja kudai, angempa orodha. Kama angekuja mkuu wa chuo mwenyewe, au askari, angewapa ileile.

Pikipiki zilipita. Saa tano alikuja mtu, kumbe muuza samaki. Jua lilihama kutoka magotini kwake likapanda kifuani. Mchana Agnes alileta kuku aliyempika kwa nazi, akaweka sahani mbili, na hakuna aliyekula. Mzee alihisi mgongo ukimuuma kwenye kiti chenye mto, akafikiria lile jiwe tambarare.

Agnes alivuta kigoda akakaa karibu naye. Jua lilikuwa limeanza kwenda chini. Hakuna aliyekuwa amekuja, na ilikuwa wazi sasa kwamba hakuna atakayekuja.

Bartholomeo alitoa mfukoni kadi ya zamani, ile iliyokunjwa mara moja katikati, na kalamu ya wino. Aliiweka juu ya goti, akasogeza nibu pembeni ya muhuri, mahali palipoachwa wazi. Mkono wake ambao haukuwahi kusita juu ya karatasi ulisita. Alianza kuhesabu kimyakimya, tisini na moja, tisini na mbili, tisini na tatu, akaendelea mpaka akapotea.

"Niandike mwaka gani?" alimuuliza mkewe.

Agnes aliichukua kalamu vidoleni mwake, akaifunga kifuniko.

"Acha ilivyo," alisema. "Mwakani tutakaa tena."